Kipaza Sauti cha Katikati

Mara ya kwanza Mkia alipokosea kuingia, watu walicheka. Ilikuwa Alhamisi saa kumi alasiri, wakati wa mazoezi ya kwanza tangu dada yake apone, viti bado vimepinduliwa juu ya meza na mfagiaji anapiga deki karibu na mlango. Dada yake alikuwa kwenye kipaza sauti cha katikati akiimba ubeti wa pili. Mkia na mwenzake walisimama kwenye vipaza sauti vya pembeni, wakingoja zamu yao ya kuitikia. Dada akamaliza mstari. Mwenzake akaingia peke yake, tena kwa kusitasita, na Mkia akabaki mdomo wazi.

"We Mkia, umelala?" mpiga dramu akauliza.

"Nilikuwa nangoja."

"Unangoja nini, barua?"

Wakaangua kicheko, na dada mtu naye akacheka. Mkia hakucheka. Alijua vizuri kabisa alichokuwa anakingoja, na hakikuja.

Hapa lazima tuelezane, maana si kila mtu amewahi kusimama pembeni ya jukwaa. Mwitikiaji mzuri hahesabu mapigo. Hiyo ni kazi ya dramu, na dramu nayo hulewa. Mwitikiaji husikiliza pumzi. Mwimbaji akifika mwisho wa mstari huvuta hewa kidogo, sauti ndogo ambayo mcheza dansi hawezi kuisikia, na papo hapo mwitikiaji anaingia. Kwa miaka kumi na sita Mkia alikuwa ameingia kwenye pumzi ya dada yake. Aliijua ikiwa na mafua. Aliijua siku ambazo dada amegombana na mumewe. Aliijua ile miezi dada alipokuwa na mimba ambayo haikukaa, na kabla hata hajaambiwa alijua kuna wawili ndani ya ile hewa. Siku hiyo alitega sikio, mstari ukaisha, ukaanza mwingine, ukaisha, ukaanza mwingine, na dada yake hakuvuta pumzi hata mara moja.

Dada mwenyewe watu walimwita Chiriku, na ukumbi ulikuwa wake. Zamani ulikuwa ghala la fanicha. Yeye ndiye aliyeondoa makabati, akajenga jukwaa la mbao, akaning'iniza taa nyekundu na kutengeneza kaunta ya vinywaji ukuta hadi ukuta. Ukimwambia mtu unakwenda Kwa Chiriku, hakuulizi ni wapi, anakuuliza kama kuna nafasi ya kukaa. Mkia naye, mdogo wake wa kike, alipewa jina lake utotoni kwa sababu popote dada alipokwenda yeye alikuwa nyuma, hata chooni akimngoja mlangoni. Walioanza utani huo walishasahau jina lake halisi.

Mwaka uliopita sauti ya Chiriku ilikatika. Daktari alimulika koo, akasema nyuzi za sauti zimeota vinundu, akaamuru kimya cha miezi mitano, hata kunong'ona marufuku. Fikiria sasa: ukumbi unaitwa kwa jina la mwimbaji, na mwimbaji yuko nyumbani anaandika kwenye daftari "niletee chumvi". Wateja wakaanza kuyeyuka. Wengine wakanong'ona kwamba Chiriku kafa na familia inaficha.

Hapo ndipo Mkia alipopata wazo lake. Lilikuwa wazo la mapenzi, tusimhukumu. Alisema kipaza sauti cha katikati kisiguswe na mtu. Kibaki palepale, kimewashwa, taa imekimulika, bendi ipige kama kawaida, na wao wawili waimbe viitikio tu. Pale penye sauti ya Chiriku, gita liache pengo. Watu wajue nafasi ina mwenyewe. Na watu walipenda! Wengine walilia na glasi mkononi. Wimbo uliopendwa kuliko wote ulikuwa ule ambao Chiriku huuliza kama akirudi atapokewa, nao humjibu, "Njoo, nafasi yako ipo." Kila usiku wa kazi, kwa miezi mitatu, Mkia na mwenzake walikiangalia kile kipaza sauti kisicho na mtu na kukiambia, njoo, nafasi yako ipo.

Halafu Chiriku akapona, miezi miwili kabla ya siku ya daktari. Asubuhi moja alitoka chumbani akiimba. Sauti ilikuwa safi, nzito, pana kuliko ile ya mwanzo. Ukumbi ukafurika. Mumewe, ambaye ndiye mpiga gita, alilia jukwaani mbele za watu bila haya. Nani angekaa chini aulize maswali?

Mkia aliuliza, ila kimoyomoyo. Baada ya Alhamisi ile alianza kumchunguza dada yake, na mtu ukishaanza kuchunguza, huachi. Aliona chupa ya chai. Siku zote Chiriku alikwenda jukwaani na chupa ya maji ya moto na asali, na usiku ukiisha huwa tupu. Sasa Mkia aliifungua kila asubuhi akakuta imejaa, asali imelala chini. Aliona kwamba dada hakohoi tena, hasafishi koo, hapigi miayo. Kisha kulikuwa na harufu. Ilianzia jukwaani, karibu na kipaza sauti cha katikati, harufu ya kisima kilichofunikwa miaka mingi kikafunuliwa leo. Mfagiaji alimwaga dawa ya sakafu mpaka watu wakapiga chafya. Harufu ikahamia nyumbani, kwenye mito na mapazia.

Jumapili mchana Chiriku alijilaza. Mkia akavua viatu, akaenda kulala kando yake kama walivyolala walipokuwa wadogo, kitanda kimoja, shuka moja. Akasogeza sikio karibu na mdomo wa dada. Nje watoto wa jirani walikuwa wanacheza mpira, na jikoni sufuria ilikuwa inachemka. Mdomo wa dada ulikuwa wazi kidogo. Mkia akangoja. Mpira ukagonga ukuta, watoto wakabishana, wakaelewana, wakaendelea kucheza, na bado hakuna hewa iliyoingia wala kutoka, ila koo la dada lilikuwa linapanda na kushuka polepole, kama mtu anayemeza kitu kisichokwisha.

"Unasikiliza nini, mwitikiaji?"

Macho yalikuwa bado yamefumbwa. Mkia aliruka kitandani akajigonga kwenye kabati. Maisha yake yote dada hajawahi kumwita mwitikiaji. Alimwita Mkia, au mdogo wangu, au, akikasirika, we mwanamke.

Alimfuata shemeji yake uani, akamkuta anabadilisha nyuzi za gita.

"Shemeji, dada hapumui."

"Yuko ndani anaimba sasa hivi. Humsikii?"

"Namsikia. Ndiyo maana nimekuja."

Shemeji akaweka gita chini. Alikuwa mtu mpole, na maneno yake yaliuma zaidi kwa sababu yalitoka taratibu. "Shemeji, tuambiane ukweli. Unakitaka kipaza sauti cha katikati?"

"Mimi?"

"Miezi mitatu umekaa mbele ya watu, ukashangiliwa. Mwenyewe amerudi, ghafla unasema si mzima. Watu wameshaanza kusema, na mimi nimeshindwa kuwajibu."

Mkia aliumia. Aliumia zaidi kwa sababu, tusifichane, aliwahi kukitaka. Mara mbili tatu, ukumbi ukiwa mtupu, alisimama katikati na kufumba macho. Basi usiku huo hakulala. Alijiuliza kama masikio yake yamesema kweli au ni wivu umevaa nguo ya mapenzi. Damu ni nzito kuliko maji, lakini hata damu huganda.

Aliyemtoa kwenye mateso hayo ni mwenzake wa kuitikia, mwanamke mwembamba kama ufito ambaye bendi ilimwita Mnene. Alimvuta nyuma ya mapazia.

"Nikuulize kitu, usinicheke. Siku hizi unaingiaje?"

"Nahesabu," Mkia akasema.

"Hata mimi nahesabu." Mnene akashusha sauti. "Tangu arudi sijamsikia akivuta pumzi. Nikajua masikio yangu yamekufa. Nimeogopa kusema, nisifukuzwe."

Walishikana mikono pale gizani, na Mkia, pamoja na hofu yote, alihisi nafuu. Mnene alikuwa na shangazi yake, mshona magodoro kwa kazi ya mchana, ambaye watu waliojua walimwendea kwa mambo mengine. Wakakubaliana aitwe, na shemeji akadokezewa.

Shemeji naye hakuhitaji kubembelezwa tena, kwani Ijumaa hiyo aliona mwenyewe. Katikati ya wimbo, mbele ya watu waliojaa mpaka mlangoni, damu ilianza kumtoka Chiriku mdomoni, uzi mwembamba ukateremka kidevuni mpaka kwenye gauni jeupe, naye hakuufuta, wala hakuonekana kujua kama una uhusiano wowote naye, akaendelea kuimba huku anatabasamu, na watu wakashangilia wakidhani ni rangi. Shemeji alikosea nyuzi kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini. Walipoteremka jukwaani alimwendea Mkia na kumshika bega.

"Mlete huyo mama," alisema. "Na unisamehe."

Shangazi alikuja kesho yake, mfupi, mnene kweli, na sindano zimechomekwa kifuani. Alikaa nyuma kabisa wakati wa mazoezi, akasikiliza wimbo mmoja, akatoka nje. Walimkuta ameketi kwenye kreti la soda.

"Nani aliwaambia muitikie mahali pasipo mtu?"

"Mimi," Mkia akasema.

"Mama yako hakukufundisha? Ukisikia unaitwa na humwoni anayekuita, usiitike. Mtoto mdogo anajua. Nyie mmefanya kubwa zaidi. Hamkuitwa, mkaitika. Miezi mitatu. Tena mkawasha na taa, lisije likajikwaa."

Hakuna aliyecheka.

"Jini halivunji mlango, wanangu, linakaribishwa. Hili mlilikaribisha kwa nyimbo, kila usiku mnaliambia njoo. Likaja likakuta kuna mwili wenye koo linalopumzika. Likaingia. Sasa halina pumzi yake, linatumia ile iliyomo ndani ya dada yenu. Ile damu ni dalili inaelekea mwisho. Mkimwacha aimbe hivi, hamalizi mwezi."

"Linatokaje?" shemeji akauliza.

"Kwa njia lililoingilia. Liliitikiwa, basi lisiitikiwe. Litaimba, mnyamaze. Litakapoona limepoteza wimbo, litaacha kuimba na kuita. Litamwita huyu." Alimnyooshea Mkia kidole. "Yeye ndiye aliyelifungulia. Litamwita mara tatu. Akiitika, hata kwa kuguna, hata kwa kukohoa, sitarudi hapa, maana sitakuwa na kazi ya kufanya."

"Litaniita kwa sauti gani, mama?"

"Ile itakayokuuma."

"Na sauti ya dada ya kuimba?"

"Itakwenda nalo. Dada yako atabaki na ile aliyoachiwa na ugonjwa, kama ipo. Chagueni."

Mkia hakuhitaji kuchagua. Alitaka dada, bubu, kiziwi, vyovyote, mradi awe dada.

Walifanya Jumatatu saa sita mchana, siku ambayo ukumbi hufungwa. Shangazi aliziba madirisha kwa magunia, akafunga mlango kwa komeo, akaketi chini na kuanza kusoma dua zake kwa sauti ya chini. Chiriku aliambiwa ni mazoezi ya wimbo mpya. Alipanda jukwaani kwa hatua nyepesi, akawatazama mmoja mmoja, akatabasamu.

"Leo mmependeza," alisema. "Kama watu wa msibani."

Gita likaanza. Chiriku akaimba ubeti wa kwanza, akafika mahali pa kiitikio, na Mkia na Mnene wakafunga midomo. Pengo likapita. Chiriku akaurudia mstari, mara hii kwa nguvu, na pengo likapita tena, na glasi za kwenye kaunta zikaanza kuvuma zenyewe. Shemeji alikuwa anapiga huku machozi yanamtoka. Chiriku akaurudia mstari mara ya tatu, ya tano, ya kumi, bila kituo, bila hewa, sauti inapanda mpaka haikuwa tena sauti ya mwanamke wala ya mwanamume, na ile harufu ya kisima ikajaa ukumbini hadi Mnene akaziba pua kwa viganja viwili, na taa ya katikati, ambayo hakuna mtu aliyeiwasha, ikawaka. Hapo gita likakatika nyuzi zote kwa mpigo mmoja, na kukawa kimya.

"Mkia," Chiriku akaita, kwa sauti yake ya kila siku, ile ya kuagiza vitunguu. "Mkia, mbona huniitikii?"

Mkia akaushika mlingoti wa kipaza sauti chake kwa mikono miwili. Akanyamaza.

Chiriku akainamisha kichwa, na alipokiinua sauti iliyotoka ilikuwa ya mama yao, marehemu, pamoja na kile kikohozi cha miezi yake ya mwisho. "Mwanangu, nimekuja kutoka mbali na miguu inaniuma. Hata salamu hunipi?" Siku mama alipofariki yeye hakuwepo, alikuwa jukwaani anaitikia, na hakuna mtu hapo ukumbini aliyejua ni mara ngapi ameota anaitwa hivyo na kuamka kabla hajajibu. Aliuma mdomo hadi akaonja damu. Akanyamaza.

Kikapita kitambo kirefu. Chiriku alikuwa amesimama, mikono imening'inia, macho yametazama juu, na Mkia alianza kudhani limeshindwa, kwamba mambo yameisha, ndipo kutoka ndani kabisa ya lile koo ikaja sauti nyembamba, iliyokwaruzika, ya mtu aliye chini ya kitu kizito, sauti ambayo haikuwa na uzuri wowote ndani yake, ikasema, "Mdogo wangu. Ni mimi. Naanguka. Nishike mkono, mdogo wangu, niitikie nijue uko upande gani," na mkono wa kulia wa Chiriku ukainuka, ukanyooka kwake, vidole vinatafuta hewani, na shangazi akapaza dua zake akimkazia Mkia macho, na Mnene akamkumbatia kwa nyuma akimziba mdomo kwa kiganja, na Mkia akalia bila sauti, akatikisa kichwa, hapana, hapana, hapana, akanyamaza.

Mkono ukashuka. Chiriku akaanguka chini.

Taa ikazimika, glasi zikatulia, na ile harufu ikaondoka kama iliyofutwa kwa kitambaa. Na pale sakafuni, wote walisikia, Chiriku akavuta pumzi. Ilikuwa pumzi mbaya, yenye mikwaruzo, na Mkia hajawahi kusikia kitu kizuri kama hicho. Alijitupa chini akamkumbatia. Shemeji akapiga magoti akishukuru Mungu kwa sauti. Shangazi akafuta jasho, akaomba chai yenye sukari nyingi, akasema kazi imekwisha.

Wiki tatu zikapita. Chiriku alikula, akanenepa kidogo, akakohoa kama watu wengine. Kuimba hakuweza tena. Aliongea kwa mnong'ono mkavu, na kwa kuwa alichoka haraka alikaa sana chumbani. Ukumbi ulifunguliwa upya, Mnene akawekwa katikati, na watu walikuja, si wengi, lakini walikuja. Shemeji alianza kutania tena. Mkia ndiye aliyempelekea dada chai kila jioni, kumsuka nywele, na kumsimulia nani kalewa na nani kachumbiwa.

Jioni moja Chiriku alimshika mkono.

"Siku ile niliita mara ngapi?"

"Usiyakumbuke hayo, dada. Lilikuwa jini."

"Mara ngapi?"

"Tatu."

"Mbili zilikuwa zake," Chiriku akanong'ona. "Ulipoinyamazia sauti ya mama, likaniachia. Nikabaki peke yangu kwenye giza, sijui juu wala chini. Ile ya tatu ilikuwa yangu."

Mkia akapiga magoti kando ya kitanda. Akaanza kulia na kumbusu mikono. "Nisamehe, dada. Niliambiwa nisiitike. Ningejua, ningejua kweli..."

"Najua. Usilie." Chiriku alimpapasa kichwa. "Mbona niliitikiwa."

"Na nani?"

Dada yake akaondoa mkono kichwani kwake. Aligeukia ukutani, akajifunika shuka, akasema anasikia usingizi. Mkia akachukua trei, akatoka na kuufunga mlango nyuma yake. Alikuwa hata hajaondoa mkono kwenye kitasa aliposikia ule mnong'ono mkavu.

"Mkia?"

Akafungua mdomo aitike, kwa furaha, kwa haraka, kabla dada hajarudia. Lakini kutoka ndani ya chumba, ambamo hakumwacha mtu mwingine, sauti ilimtangulia, laini, yenye mapenzi, nayo ilikuwa sauti yake yeye mwenyewe.

"Nipo, dada. Nipo hapa."